Mtafsiri wa Kisumu Ndogo

Kwanza nikiri: Kitelugu sikijui.
Sijui hata salamu yake.
Na mwaka wa sita huu nakitafsiri,
Ijumaa na Jumapili, shilingi ishirini kiti,
kumi ukikaa mkekani,
kwenye banda la mabati nyuma ya kinu cha Karisa,
hapa Malindi, upande usiofikiwa na watalii.

Shujaa nilimbatiza Kazungu.
Hakulalamika.
Huja na pikipiki, mvua ikinyesha upande wake tu,
hupiga ngumi moja, watu kumi na wanne wakaruka
kama makumbi yanayomwagwa kutoka lorini,
nami kwenye maikrofoni iliyofungwa utepe:
"Hiyo ya shamba la mama! Na hii ya hatimiliki bandia!"
Maana adui nilimfanya mnyakuzi,
yule ang'oaye mawe ya mipaka usiku,
na nani bandani hana jirani wa namna hiyo?
Mabati hutikisika.

Mapigano ni rahisi. Mfupa huvunjika
kwa lugha zote.

Kazi ni pale wanapotulia.
Binti yuko jikoni, mkono una unga.
Kazungu anaingia, damu kwenye nyusi.
Hamkimbilii. Anasema neno moja,
fupi, kama kijiti kikivunjwa,
na mwanamume aliyepindua malori matatu
anainamisha kichwa, analia.

Neno moja! Ningefanyaje?
Watu wamelipa.
Nikamtia binti ubeti mzima kinywani:
u lulu, u mwezi, u dawa ya donda langu,
midomo yake imeshafungwa zamani
mimi bado naogelea.
Wanawake wa mkekani walifuta macho kwa leso.
Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Mbeyu haji bandani. Hana haja,
mtaa mzima hunisikia.
"Leo umempenda nani?" hutania,
kisha huuliza swali lake lile la kila usiku,
nami huitika "mm", nikihesabu sarafu.

Jumapili moja akaja mgeni, Subbarayudu,
karani wa kiwanda cha chumvi kule Gongoni.
Alilipa kiti, akakalia ukingo.
Alicheka pale nilipowaliza watu.
Akalia mahali nilipokuwa nimenyamaza
nikinywa maji.

Nilimfuata nje. "Kaka, nimeharibu wapi?"
Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu magunia:
"Hapana haribu. Kazungu mzuri sana.
Lakini jikoni… lulu hakuna. Mwezi hakuna.
Yeye nasema, *tinnava*.
Mama yangu nasema hiyo kwa simu, kila jioni.
*Tinnava*. Umekula?"

Umekula.
Malori matatu, damu, mvua ya upande mmoja,
na mzigo wote umening'inia hapo.

Ijumaa nikaiweka filamu ile ile.
Jikoni pakafika. Binti akafumbua midomo,
nikasema, "Umekula?"
Nikanyamaza.
Feni ikasikika. Kinu cha Karisa kikasikika.
Kisha kijana mmoja nyuma: "Mtafsiri, umelala?"
Mwingine: "Turudishie lulu zetu!"
Bi Nyevu wa mkekani peke yake hakusema kitu,
alikuwa anafungua fundo la leso, analifunga tena.

Niliwarudishia lulu. Mtu hula kwa kazi yake.
Katika vita vya mwisho niliwaongezea hata simba
asiyekuwemo.

Nyumbani taa ilikuwa imeshushwa utambi.
Sahani chini ya kawa, wali na kunde.
Mbeyu hakuinua macho, alikuwa anashona kifungo.
Akauliza.

Nilikuwa nimekula mahamri matatu kule stendi,
na chai ya rangi, na kipande cha papa.

"Bado," nikasema. "Sijala."

Akaweka sindano kando,
akasogea kwenye mkeka.